Farasi hasikii mguu wangu, nami nayumba juu yake: nianzie wapi?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Najifunza kupanda farasi, huu ni mwezi wa nane. Farasi ninayefanyia mazoezi ni jike mpole, umri wake umesonga kidogo. Tukitembea anajikokota. Nikimbana kwa miguu anaongeza hatua mbili tatu, kisha anarudi kule kule. Kila somo nasikia 'mguu, mguu!', nami nampiga kwa visigino mpaka mapaja yanawaka moto. Akianza kwenda matiti, ule mwendo wa kudunda ulio kati ya kutembea na mbio, ndiyo balaa: narushwa, kikuku kimoja, kile chuma cha kukanyagia, kinanitoka mguuni, najikuta nimening'inia kwenye hatamu. Je, miguu yangu haina nguvu? Rafiki ananishauri nifunge vyuma vya kisigino, vile vya kumchomea farasi ubavuni. Nifunge?"

Marahaba, mwanangu. Miguu yako ina nguvu za kutosha. Mapaja yanawaka moto kwa sababu yanafanya kazi somo zima bila kupumzika, na kazi yenyewe si yao. Umeleta maswali mawili, la farasi asiyesikia na la mwili unaorushwa, lakini mimi naona tatizo moja. Mguu wako unajishikilia, na mguu unaojishikilia hauna nafasi ya kusema kitu. Ukibana ili usianguke, farasi anapata ujumbe. Ukibana ili aende, anapata ujumbe ule ule. Atajuaje upi ndio uliokusudia?

Kwa hiyo vyuma vya kisigino viweke kando kwanza, nitavirudia. Tuanze na ngozi ya farasi.

Siku moja simama karibu naye akiwa amepumzika, umwangalie nzi anapotua ubavuni mwake. Mara nyingi hata mkia haupigi. Ngozi peke yake inatetemeka, pale pale nzi alipotua, na nzi anaruka. Chini ya ngozi ya kiwiliwili farasi ana tabaka jembamba la misuli ambalo kazi yake ni hiyo ya kuitikisa ngozi. Sasa angalia mahali penyewe: nyuma kidogo ya kiwiko cha mguu wa mbele, karibu na mkanda wa tandiko. Ndipo shavu la mguu wako linapokaa. Mnyama anayemhisi nzi mahali hapo hawezi kushindwa kukuhisi wewe na buti lako. Anakuhisi vizuri sana. Ameacha kujibu, na sababu anayo.

Farasi hujifunza kwa kuachiwa. Unapomgandamiza, anatafuta namna ya kuuondoa ule mgandamizo. Akijaribu jambo fulani na mgandamizo ukatoka papo hapo, jambo hilo linamkaa kichwani. Ukiendelea kubana hata baada ya yeye kusogea, umemfundisha kwamba kusogea hakumsaidii kitu. Mfanyie hivyo kwa miezi, ataacha kujaribu, kama wewe unavyoacha kuihisi saa ya mkononi dakika chache baada ya kuivaa. Wengi humwita farasi wa namna hiyo mvivu au mkaidi. Neno hilo huniuma, kwa sababu karibu kila mara farasi huyo ni mwanafunzi aliyejibu sawasawa mara nyingi na hakuna aliyemwambia kuwa amejibu.

Nataka uyaone haya kwa macho yako kabla hujapanda tena. Simama chini, umshike kamba, umkabili ubavu wake wa kushoto. Weka ncha za vidole viwili nyuma ya pale mkanda wa tandiko unapopita, kiasi cha upana wa kiganja kimoja na nusu. Gusa tu, subiri kidogo. Asiposogea, ongeza mgandamizo polepole bila kumsukuma kwa mwili, huku umeutazama mguu wake wa nyuma wa kushoto. Kwanza sikio moja litakugeukia. Kisha utaona paja linabadilika umbo, uzito unahamia mguu wa pili. Kisha kwato inaachana na ardhi ili ivuke mbele ya mwenzake. Hapo, kwato inaponyanyuka na kabla haijakanyaga, toa vidole. Mpe pumzi mbili, rudia. Mara ya nne au ya tano wengi wao husogea kwa mguso ambao usingetosha kukunja jani. Nilimpa zoezi hili mwanafunzi mmoja aliyekuwa na malalamiko kama yako, akafika mara ya sita, akanigeukia macho yamejaa machozi: "Kumbe muda wote alikuwa ananisikia." Tangu siku hiyo sikumwona akimpiga farasi yule kisigino.

Kinachokuzuia kufanya hivyo ukiwa juu ni mizani ya mwili wako. Ukiwa chini unaweza kuondoa vidole kwa wakati kwa sababu vidole havikushikilii. Juu ya tandiko, mguu ukiuachia unaogopa utaanguka, na woga huo una haki yake: kwa jinsi unavyokaa sasa, huenda ungeanguka kweli.

Chukua kipande cha sabuni kilicholowa, ukibane kati ya vidole viwili. Kinachomoka. Magoti yako yanakufanyia hivyo hivyo. Mwili wa farasi juu ni mwembamba na unapanuka kuelekea tumboni, kwa hiyo ukibana kwa magoti umbo lake linakupandisha. Makalio yanaachana na tandiko, mguu wa chini unakosa pa kutulia, unarudi nyuma na kubembea, na kikuku kinatoka. Sasa uko juu zaidi na umeshikika kidogo zaidi, na mwili unakuambia bana tena. Kinachobaki ni hatamu. Ukining'inia kwenye hatamu unamvuta mdomo, na mdomo ukivutwa maana yake ni simama. Kwa hiyo visigino vinamwambia nenda, mikono inamwambia simama, kwa wakati mmoja. Yule jike wako ni mpole sana. Farasi mwingine angeshakueleza kwa ukali zaidi.

Mizani inatafutwa hivi. Mtu akikutazama kutoka ubavuni aweze kushusha timazi kutoka sikioni mwako, ipite begani, nyongani na kuishia kwenye kisigino. Jiulize hivi: farasi akitoweka ghafla chini yako, utatua kwa nyayo na kubaki umesimama? Anayekaa kama yuko kitini, miguu mbele, ataangukia makalio. Anayebana magoti na kuinama ataangukia uso. Jambo hili ni la zamani mno. Xenophon, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alipanda farasi enzi ambazo vikuku havijulikani kwao, na aliwaonya wapanda farasi wasikae kama watu walio kitini, ila kama mtu aliyesimama wima na kutanua miguu. Baada ya zaidi ya miaka 2,300 sijapata maelezo mafupi yanayoyashinda hayo.

Chini ya makalio una mifupa miwili iliyochongoka. Kaa kwenye kiti kigumu, tia viganja chini yake, utaihisi. Pinda kiuno kwa mbele, utaona mgongo unajikunja ndani na mifupa inaelekea nyuma. Legeza kiuno kama mtu aliyechoka, inaelekea mbele. Katikati ya hali hizo mbili kuna mahali inapoelekea chini moja kwa moja na mgongo unabaki mrefu bila kukakamaa. Mahali hapo ndipo pa kukaa kwenye tandiko, na uzito uwe sawa kulia na kushoto. Wengi wetu tuna upande tunaouegemea bila kujua. Kama kikuku kinachokutoka ni kile kile kila siku, nina shaka kubwa kwamba unaegemea upande wa pili.

Kuhusu kisigino, najua umeambiwa "kisigino chini" mara nyingi. Usikisukume. Ukikisukuma kwa nguvu, goti linanyooka, mguu mzima unakwenda mbele, nawe unabaki nyuma ya mwendo wa farasi. Kinachotakiwa ni uzito wa mguu ushuke wenyewe, kutoka nyongani kupitia goti lililolegea hadi kwenye kifundo kinachocheza kama springi. Kikuku kikae chini ya sehemu pana ya unyayo, nyuma ya vidole. Urefu wake uupime: ukiachia miguu ining'inie bila vikuku, sehemu ya chini ya kikuku iguse mfupa wa kifundo au karibu yake. Wanafunzi wengi waliokuja kwangu wakilia kwamba vikuku vinawatoka walikuwa wamevirefusha mno, wakawa wanavitafuta kwa vidole kama mtu anayejaribu kugusa sakafu kutoka kitanda kirefu. Na kikuku chenyewe kiwe kipana kuliko buti kwa kama sentimita mbili hivi, na buti liwe na kisigino kidogo, ili siku ukianguka mguu utoke usinaswe. Kofia ngumu sina haja ya kuitaja, naamini hupandi bila hiyo.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5. Ukiinama kutazama shingo ya farasi kuhakikisha kama anakwenda, umetupa kilo hizo mbele ya mabega yake. Naye farasi akiwa amesimama tayari amebeba kama asilimia 60 ya uzito wake kwenye miguu ya mbele, na wewe unamwomba asukume kwa miguu ya nyuma. Tazama mbele, kati ya masikio yake, mpaka kule unakotaka kufika. Na upumue. Anayezuia pumzi hukakamaa kuanzia kifuani hadi kwenye kifundo cha mguu bila kujua. Hesabu hatua kwa sauti au imba, chochote kitakachokulazimisha kutoa hewa.

Hapa nataka nikukumbushe mtu mmoja, kwa sababu ya lile swali lako la nguvu za miguu. Lis Hartel wa Denmark alipata ugonjwa wa polio mwaka 1944 akiwa na miaka 23, na misuli ya chini ya magoti ikabaki imepooza. Alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka. Mwaka 1952 huko Helsinki, michezo ya Olimpiki iliporuhusu wanawake kwa mara ya kwanza kushindana na wanaume katika mashindano ya farasi ya utii na ustadi, alichukua medali ya fedha juu ya farasi wake Jubilee, na mwaka 1956 akaichukua tena. Lile shavu la mguu ambalo wewe unalibana mpaka linauma, yeye hakuwa na uwezo wa kulibana kabisa. Alikuwa na mgongo, nyonga, mapaja, uzito, na farasi aliyezoezwa kusikiliza vitu hivyo. Sisemi uache kutumia mguu. Nasema uone ni kiasi gani kinaweza kufanyika bila nguvu zake.

Somo lako lijalo liwe la kutembea tu. Najua linachosha kusikia, lakini ndiko kwenye utajiri. Omba mtu amshike farasi, achia hatamu na vikuku, funga macho, acha miguu ining'inie kama nguo iliyolowa. Baada ya muda mfupi utahisi tumbo la farasi linabembea, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Mguu wake wa nyuma wa kushoto unapopita kwenda mbele, tumbo linahamia kulia, na ubavu wa kushoto unaukimbia mguu wako, ambao unaangukia ndani wenyewe. Mguu wa nyuma wa kulia ukipita, mambo yanageuka. Sema kwa sauti: "kushoto... kulia... kushoto..." kila mguu wako unapoanguka ndani. Aliye chini akuthibitishie kwa kuitazama miguu ya nyuma. Ukilinganisha sawa mara ishirini mfululizo, fungua macho.

Mguu wa nyuma unaweza kuombwa hatua ndefu zaidi wakati uko hewani au ndio unaachana na ardhi. Ukiwa umekanyaga na kubeba uzito, hauwezi kukupa chochote hata ungeupigia kelele. Na wakati huo mzuri wa kuuomba ndio ule ule ambao mguu wako unaangukia ndani wenyewe. Tumbo la farasi linakuonyesha saa ya kusema. Kwa hiyo huna haja ya kurusha kisigino. Unaruhusu shavu la mguu lifike pale linapokwenda, na unapotaka zaidi unaongeza mkazo kidogo katika mguso huo mmoja, kisha unaacha. Usiligeuze kuwa mtindo wa kusukuma kulia na kushoto kila hatua, maana utarudi kwenye kelele ile ile.

Kuomba kwenyewe kuna ngazi, na naomba usiziruke. Kwanza kaa mrefu, vuta pumzi, fungua vidole kidogo ili hatamu isimzuie. Guso moja la shavu la mguu, laini, kama lile la vidole vyako ulipokuwa chini. Akienda, mguu unatulia, unabaki umegusa ubavu bila kudai kitu. Asipoenda, guso la pili lenye mkazo zaidi, fupi. Asipoenda tena, kifimbo kimguse nyuma ya mguu wako, mara moja, kwa namna itakayomfanya aondoke kweli. Akiondoka kwa kasi kuliko ulivyotaka, hata akiingia kwenye matiti, usimvute. Ukimvuta umemwadhibu kwa kukutii. Mwache aende hatua kadhaa, msifu kwa sauti, mrudishe taratibu, kisha uombe upya kwa guso laini la kwanza. Hilo guso laini la marudio ndilo somo lenyewe, na wengi hulisahau: wanatumia kifimbo, farasi anakwenda, wanafurahi, basi. Rudia laini, umpe nafasi ya kugundua kwamba akijibu mnong'ono hatapigiwa kelele.

Akishakwenda, usimbebe. Aendelee mwenyewe mpaka umwombe jambo jingine. Akipunguza, rudi ngazi ya kwanza. Siku za mwanzo utaomba kila baada ya hatua tano sita. Vumilia, hatua zitaongezeka.

Sasa matiti. Katika mwendo huu miguu inatua miwili miwili kwa mshazari: wa mbele kushoto pamoja na wa nyuma kulia, halafu wenzao. Kati ya kutua huko farasi yuko hewani kwa kitambo kidogo, na mgongo wake unapanda na kushuka zaidi ya mara mbili kila sekunde. Mwili uliokakamaa hauwezi kufuata kasi hiyo, kwa hiyo unakutana na tandiko linapanda wakati wewe unashuka. Ndiko kurushwa kwako. Unapoinuka na kukaa kwa mdundo, usijisukume kwa kukanyaga vikuku. Mwache farasi akurushe, wewe uelekeze tu: nyonga ziende mbele kidogo na juu kidogo, magoti yawe bawaba, kisha shuka polepole kana kwamba tandiko ni yai. Ukijisukuma kutoka kwenye unyayo, mguu wa chini utakwenda mbele au nyuma kila mara na kisigino kitampiga bila wewe kukusudia, mara sabini na zaidi kwa dakika. Mhesabie yeye hizo ishara zisizo na maana kwa somo zima, utaelewa kwa nini ameziba masikio.

Ukizunguka uwanja, inuka pale bega lake la upande wa nje linapokwenda mbele, kaa linaporudi. Hapo unakaa wakati mguu wake wa nyuma wa upande wa ndani uko chini unabeba, na mzunguko unakuwa mwepesi kwake. Ukibadilisha upande, kaa midundo miwili mfululizo, endelea.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote kwa mtu wa hatua yako ni hili: shika manyoya ya shingoni kwa mkono mmoja, inua makalio kidogo juu ya tandiko, kunja nyonga, uzito ushuke kwenye vifundo, ubaki hivyo farasi akitembea, kisha akienda matiti. Ukibana magoti utaangukia mbele, miguu ikienda mbele utaangukia nyuma. Hakuna haja ya mtu kukusahihisha, mwili wenyewe unatafuta mahali pake. Dakika moja kwanza, pumzika, kisha nyingine. Manyoya hayamuumizi kama hatamu inavyomuumiza, yashike bila aibu.

Na ukiweza kupata mtu anayejua kumzungusha farasi kwa kamba ndefu, mwombe akupe masomo kadhaa ambayo huna hatamu wala vikuku na huna la kufikiria isipokuwa kukaa. Katika shule ya Kihispania ya kupanda farasi iliyoko Vienna, ambayo kumbukumbu zake zinarudi hadi karne ya 16, vijana wanaoanza hufundishwa kwa kamba hiyo muda mrefu kabla ya kukabidhiwa hatamu. Wewe ulikabidhiwa hatamu siku ya kwanza, kama wengi, na hukuwa na kosa. Ila deni hilo la mizani lazima lilipwe, na hapo ndipo linapolipwa kwa bei nafuu, kwa sababu mdomo wa farasi hauhusiki.

Mguu ukishatulia ndipo inakuwa na maana kuuliza uwekwe wapi. Karibu na mkanda wa tandiko, mguso unasema nenda mbele, na kwa mguu wa upande wa ndani wa mzunguko unasema jikunje kunizunguka. Kiganja kimoja nyuma ya hapo, unasema sogeza sehemu ya nyuma, au usiiache itoke nje ya mstari. Ukimwomba mbio za taratibu, mguu wa nje unarudi nyuma kidogo na wa ndani unabaki mkandani. Tofauti kati ya mahali hapo pawili ni sentimita chache tu, na mguu unaobembea unapita pote pawili katika kila hatua. Ukirudisha mguu nyuma, urudi wote kutoka nyongani, usikunje goti na kupandisha kisigino, kwa sababu hapo uzito wako unakimbilia upande wa pili na farasi anaufuata uzito kuliko mguu. Mjaribu akiwa amesimama: mguu mmoja nyuma ya mkanda, umwombe hatua moja ya kuvuka kwa mguu wa nyuma, kama mlivyofanya ukiwa chini kwa vidole. Hatua moja. Msifu. Inatosha kwa siku hiyo.

Vyuma vya kisigino, basi. Hapana, usifunge. Kazi yake ni kumwambia farasi anayesikia tayari jambo lenye undani zaidi, kwa mguu ambao mwenyewe anaamua kila mara unapogusa na usipogusa. Wewe bado mguu unagusa bila ruhusa yako. Ukivifunga sasa, kila ulichokuwa ukikisema kwa bahati mbaya utakisema kwa chuma, na jike mpole atakuwa na chaguo mbili: kuzima zaidi au kuanza kujitetea. Siku utakapokwenda matiti dakika kumi bila vikuku na aliye chini akasema mguu wako wa chini haukubembea, niandikie tena tulizungumze.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza na linanisumbua tangu niliposoma kwamba umri wake umesonga. Yote niliyoeleza yanamhusu farasi mzima wa afya. Farasi anayeumwa mgongo, viungo au kwato naye hujikokota, na mguu wa mpandaji hauwezi kumponya. Kabla hujamwomba tena kwenda mbele, mvue tandiko, upitishe viganja pande zote mbili za uti wa mgongo kuanzia mabegani hadi kiunoni, kwa mkazo wa wastani na bila haraka. Tafuta mahali anapojikunja au kukimbia mkono, uvimbe, joto, au manyoya meupe yaliyoota palipokuwa na kidonda cha tandiko. Angalia anavyofanya unapofunga mkanda: akilaza masikio, kuuma hewa au kupiga mkia, anakueleza kitu. Mwangalie akitembea kwenye mzunguko mdogo, kulia kisha kushoto, kama hatua za upande mmoja ni fupi kuliko za upande mwingine. Ukikuta lolote kati ya hayo, mwambie mwenye farasi siku hiyo hiyo, aitwe daktari wa mifugo na atazamwe pia na mtu anayejua kupima tandiko. Masomo yako wewe yasimame hadi watakapomruhusu. Zoezi la vidole chini na lile la kiti kigumu unaweza kuendelea nayo wakati unasubiri.